Kuchagua Kivinjari, Kuchagua Kiswahili: Likasi na Kompyuta za Ukoo wa Unix

Mtu wa Likasi anayekusudia kuweka kivinjari katika kompyuta ya mezani inayoendeshwa kwa Linux hukutana, kabla ya kukifikia kivinjari chenyewe, na swali asilolitarajia: yeye ni wa nchi gani? Mifumo ya ukoo wa Unix haiulizi lugha peke yake. Huuliza lugha pamoja na nchi, na jibu huandikwa kwa alama fupi ambayo kila programu itakayosakinishwa baadaye itaisoma. Maktaba iitwayo glibc, ambayo ndiyo msingi wa mifumo mingi ya Linux, kwa miaka mingi ilikuwa na Kiswahili cha aina mbili tu katika orodha yake: sw_KE, yaani Kiswahili cha Kenya, na sw_TZ, yaani Kiswahili cha Tanzania. Aliyekimbilia Kifaransa naye alitakiwa kuchagua baina ya Ubelgiji, Kanada, Ufaransa, Luxembourg na Uswisi. Lingala ilipokuja kuingizwa katika orodha hiyo ilipewa alama ln_CD, na kwa njia hiyo Kongo ikapata nafasi. Lakini nafasi hiyo ilikuwa ya lugha ya Kinshasa na ya jeshi, si ya lugha ya Katanga. Hivyo, ili asome Kiswahili katika dirisha la kivinjari chake, mkazi wa Likasi hakuwa na budi kuiambia mashine kwamba yuko Dar es Salaam au Nairobi.

Yamkini jambo hili litaonekana dogo. Hata hivyo, mtu anayeifahamu historia ya Kiswahili cha Katanga hatakosa kuona kwamba swali la aina hii limekwisha kuulizwa huko zamani, na kwamba mara ya kwanza pia halikuulizwa na wasemaji wenyewe.

Likasi iko kilomita 120 hivi kaskazini-magharibi ya Lubumbashi, katika jimbo la Haut-Katanga lililozaliwa mwaka 2015 baada ya Katanga kugawanywa. Wakati wa ukoloni mji huu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mmoja wa vigogo wa Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya madini iliyoundwa mwaka 1906. Jina la Likasi lilirudishwa mwaka 1966. Misafara ya biashara ilikuwa imekifikisha Kiswahili Katanga kabla ya Wabelgiji, lakini kilichokifanya kuwa lugha ya miji ni kazi ya migodi na ya viwanda. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi wakuu wa serikali na wa kampuni walivyokipendelea Kiswahili kwa sababu za siasa na za uzalishaji. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka upande wa Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, na Wabelgiji hawakutaka usemi wa migodi ya kusini, uliofungamana na ushawishi wa Waingereza, uote mizizi katika koloni lao. Kisha, tangu miaka ya 1920, kampuni ilipoanza kuchukua watu kutoka Kasai, Lomami na Rwanda-Urundi, na kuwaruhusu kukaa kambini na wake zao, ilihitajika lugha ambayo haikuwa ya kabila lolote miongoni mwao. Vikachapishwa vijitabu vya msamiati kwa ajili ya wasimamizi wa Kizungu, vyenye amri nyingi na mazungumzo machache.

Watu wa kambini, hata hivyo, hawakubaki na Kiswahili cha amri. Walikifanya kuwa lugha ya nyumbani, ya kanisani, ya sokoni na ya muziki, wakaitia maneno ya Kiluba, Kibemba na Kifaransa, na wakapunguza mapatanisho ya ngeli ambayo msemaji wa Unguja huyaona kuwa roho ya lugha. Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikiwa lugha rasmi. Katiba haikusema ni Kiswahili kipi.

Upande wa pili wa habari hii ni historia ya vivinjari, ambayo kwa kweli ni historia ya mifumo ya ukoo wa Unix. Tim Berners-Lee aliandika kivinjari cha kwanza mwishoni mwa mwaka 1990 katika kituo cha utafiti cha CERN, Geneva, akitumia kompyuta ya NeXT, ambayo mfumo wake ulikuwa wa ukoo huo. Mwaka 1992 Chuo Kikuu cha Kansas kilitoa Lynx, kivinjari cha maandishi matupu ambacho hakihitaji picha wala kipanya. Januari 1993, Marc Andreessen na Eric Bina wa kituo cha NCSA huko Illinois walitoa Mosaic, na toleo lake la kwanza lilikuwa la Unix. Wenye Windows na Macintosh walisubiri miezi kadhaa. Leo aghalabu hudhaniwa kwamba mtumiaji wa Unix ni mgeni aliyechelewa kuingia katika mtandao. Mambo yalikuwa kinyume: yeye ndiye aliyekuwa mwenyeji.

Inafaa kukumbuka Likasi ilikuwa katika hali gani mwaka huo wa 1993. Mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, ulikuwa umeporomoka Septemba 1990. Gécamines, iliyoirithi Union Minière, ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980; mwaka 1994 ilitoa takriban tani 30,000. Viwanda vya Shituru, vilivyoulisha mji wa Likasi kwa vizazi kadhaa, vilikuwa vikizimika sehemu kwa sehemu. Zaidi ya hayo, tangu mwaka 1992, maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, na wengi wao walipiga kambi kwa muda mrefu kwenye kituo cha reli cha Likasi wakingoja treni. Miongoni mwao walikuwamo makarani, walimu na mafundi, yaani watu ambao katika mji wowote wa viwanda huwa wa kwanza kupewa kompyuta. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Likasi, na lugha waliyoongea kituoni, pamoja na Tshiluba, ilikuwa Kiswahili kilekile cha waliowafukuza. Historia za teknolojia hupenda kupanga miaka kana kwamba dunia nzima ilikuwa ikitembea katika barabara moja. Mwaka wa Mosaic, Likasi ilikuwa mahali watu walipokuwa wakisubiri kuondoka.

Hata jina la nchi lilibadilika ndani ya anwani za mtandao. Zaire ilikuwa imepewa alama ya .zr. Baada ya utawala wa Mobutu kuanguka mwaka 1997, Kongo ilipata alama ya .cd mwaka huohuo, na .zr ikafutwa mwaka 2001.

Katika miaka hiyo vivinjari vya Unix vilipitia misukosuko yao. Netscape, iliyokuwa imetawala tangu mwaka 1994, ilishindwa na Internet Explorer ya Microsoft, na mwaka 1998 ikaamua kuuweka hadharani msimbo wa kivinjari chake. Hapo ndipo ulipoanza mradi wa Mozilla, ambao baada ya majina mawili yaliyoachwa kwa sababu ya kugongana na majina ya wengine, ulitoa Firefox 1.0 tarehe 9 Novemba 2004. Wakati huohuo, kundi la watengenezaji wa mazingira ya mezani ya KDE lilitoa Konqueror mwaka 2000. Kiini chake kilichukuliwa na Apple kwa ajili ya Safari mwaka 2003, kisha kikarithiwa na Google kwa ajili ya Chrome mwaka 2008. Kwa hiyo kivinjari kinachotumiwa na watu wengi kuliko vyote duniani ni mjukuu wa programu iliyoandikwa na watu wa Linux kwa ajili ya meza zao wenyewe. Mjukuu, kama wajukuu wengi, alichelewa kuwatembelea wazee: toleo kamili la Chrome kwa Linux lilitoka Mei 2010.

Kwa mtu wa Likasi, sifa za vivinjari hivi hazipimwi kama zinavyopimwa Ulaya. Mahali ambapo umeme hukatika na data hununuliwa kwa kipimo, ukubwa wa faili ya kusakinisha ni gharama, si takwimu. Kati ya mwaka 2005 na 2011 kampuni inayotengeneza Ubuntu ilikuwa ikituma diski bila malipo kwa posta kwa yeyote aliyeomba, na diski moja ilikuja na kivinjari ndani yake. Aliyeipata hakuhitaji mtandao ili kuufikia mtandao. Huduma hiyo ilipokoma, kazi ilirudi kwenye maghala ya programu yanayofikiwa kwa amri ya apt, na hapo kila sasisho ni mzigo wa kushushwa upya. Ndiyo sababu Lynx, iliyozeeka kuliko wanafunzi wengi wanaoweza kuitumia, haijafa. Hufunguka katika dirisha la amri, huacha picha na matangazo nje, na humwonyesha msomaji maneno. Kwa matini ndefu hiyo si hasara.

Swali la lugha lilijibiwa kwa mara ya kwanza kwa utaratibu maalumu huko Dar es Salaam. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na kampuni ya Kiswidi ya IT+46 na kwa msaada wa Sida, kilianzisha mradi wa kuswahilisha programu huria, uliojulikana kwa jina la Kilinux. Desemba mwaka huo ikatolewa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili. Umuhimu wa mradi huo haukuwa katika programu hiyo moja, bali katika faharasa ya istilahi iliyotayarishwa kwa ajili yake. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imejadiliwa kwa miaka mingi katika majarida ya lugha, ambako watetezi wa ngamizi, wa tarakilishi na wa kompyuta walikabiliana bila ya mshindi. Safari hii istilahi zililazimika kuingia kwenye menyu na kubonyezwa na watu.

Maneno yaliyosimama ni ya kupendeza, na baadhi yanastahili kutazamwa kwa karibu. Kivinjari kimetokana na kitenzi kuvinjari, yaani kuzunguka huku na huku kwa kutazama, kama chombo kinachofanya doria baharini. Kusakinisha kumejengwa juu ya sakini, kukaa mahali, kufanya makazi. Programu husakinishwa kama mtu anayepewa nyumba. (Mwanahistoria wa kambi za Union Minière angeweza kutabasamu hapa, maana kampuni nayo ilikuwa na sera ya kuwasakinisha watu.) Katika Chrome ya Kiswahili mna kichupo, alamisho, na vidakuzi, neno lililo jirani na mdakuzi, mtu apendaye kupekua na kueneza habari za wengine, onyo la wazi kwa watumiaji. Haya yote ni maneno ya pwani. Kwa msomaji wa Likasi, aliye mbali na bahari kwa zaidi ya kilomita 1,000, kuvinjari ni neno la kujifunza kama vile naviguer cha Kifaransa, ambacho nacho ni cha baharini. Tofauti ni kwamba cha Kifaransa alifundishwa shuleni.

Istilahi, hata hivyo, haziwezi kumpoteza mtu. Neno geni hujitangaza kuwa geni. Hatari iko katika maneno yanayofanana, na mfano ulio bora ni majina ya siku.

Pwani huhesabu siku kuanzia Jumamosi, siku inayofuata sala ya Ijumaa. Kwa hiyo Jumatatu ni siku ya tatu, Jumatano ni ya tano, na baada yake huja Alhamisi, ambayo kwa Kiarabu nayo ni ya tano, kwa kuwa Waarabu huanza na Jumapili. Msemaji wa pwani ana siku mbili za tano zilizofuatana na hilo halimsumbui, kwani hahesabu tena; anataja majina tu. Katanga, ambako juma lilipangwa na kengele ya misheni na king'ora cha kiwanda, hesabu huanza siku ya kwanza ya kazi. Siku ya yenga ni Jumapili, siku ya kwanza ni Jumatatu, siku ya pili ni Jumanne, na kuendelea hadi siku ya sita. Siku ya tatu ya Likasi, basi, ni Jumatano ya Dar es Salaam. Siku ya tanu ya Likasi ni Ijumaa, ilhali Jumatano, neno lenye tano ndani yake, limetangulia kwa siku mbili.

Katika maandishi ya ofisi mkanganyiko huu hufichwa na Kifaransa, kwani lundi na vendredi hazina utata. Lakini mtu akiwa ameweka sw_TZ katika kompyuta yake ili apate Kiswahili, kalenda yote huandikwa kwa hesabu ya pwani. Si kivinjari kinachokosea, wala mtumiaji. Kila mmoja anasoma sawasawa kwa hesabu yake, na mkutano wa Jumatatu unaweza kufika na kupita huku mwalikwa akiungoja siku ya tatu.

Jambo hili halikupita bila kuonekana. Katika viwango vya kimataifa vya alama za lugha, Kiswahili kimewekwa kama lugha-kuu yenye matawi mawili: swh, Kiswahili cha pwani na cha Afrika Mashariki, na swc, Kiswahili cha Kongo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 mtandao wa ANLoc, uliogharamiwa na shirika la IDRC la Kanada, ulikuwa ukihimiza kukusanywa kwa taarifa za msingi za lugha mia moja za Afrika: majina ya siku, ya miezi, namna ya kuandika tarehe na fedha. Mwanzoni mwa muongo uliofuata swc ilikuwa na faili yake katika CLDR, hazina ya taarifa za lugha inayosimamiwa na muungano wa Unicode, ambayo vivinjari kama Firefox na Chrome huchota humo. Ndani ya faili hiyo zilikuwamo siku ya yenga, siku ya kwanza, siku ya ine na siku ya tanu. Miezi iliitwa mwezi ya kwanja, mwezi ya munane, mwezi ya kumi na moya. Mhariri wa kamusi ya Kiswahili sanifu angesahihisha takriban kila neno. Hapo ndipo thamani ya faili hiyo ilipokuwa: kwa mara ya kwanza mashine ilikuwa imeambiwa juma la Katanga linaanzia wapi, na kwa tahajia inayofuata ulimi wa huko.

Katikati ya muongo huohuo alama hiyo iliachwa, na Kiswahili cha Kongo kikawekwa chini ya sw, kwa jina la sw_CD, kama jimbo la lugha moja na si lugha ya pekee. Uamuzi huo una hoja yake. Programu chache mno zingetafsiriwa mahsusi kwa swc, na mtumiaji wa Kongo angebaki na madirisha ya Kifaransa au ya Kiingereza huku tafsiri nzima ya Kiswahili ikiwa jirani. Kwa kuunganishwa, alirithi kichupo na alamisho mara moja. Lakini urithi wa namna hiyo una mwelekeo mmoja. Maneno hutoka Dar es Salaam kwenda Likasi. Hakuna njia iliyowekwa ya munane kwenda upande wa pili.

Mpangilio wa Unix huuzidisha mwelekeo huo. Katika Windows, Chrome humruhusu mtu achague lugha ya kivinjari ndani ya mipangilio yake. Katika Linux haimruhusu: husoma lugha iliyotangazwa na mfumo na kuifuata. Kinachotakiwa ni kuweka lugha ya Kiswahili katika mazingira ya mfumo kabla kivinjari hakijafunguliwa, jambo linalowezekana kwa amri ya mstari mmoja, LANGUAGE=sw, kwa anayeijua. Asiyeijua hubaki na lugha iliyochaguliwa siku mfumo ulipowekwa, ambayo Likasi aghalabu ni Kifaransa. Kivinjari chaweza kuwa na Kiswahili chote tumboni mwake na mwenyewe asikione hata siku moja.

Ajabu ni kwamba ndani ya mtandao wenyewe Kiswahili cha Katanga kimehifadhiwa kuliko lahaja nyingi za pwani. Tangu miaka ya 1990 Fabian na Vincent de Rooij, wakiwa Amsterdam, waliweka mtandaoni mkusanyo wa matini za Kiswahili cha watu wa kawaida, nyingi zikiwa za Katanga, katika asili yake na kwa tafsiri ya Kiingereza. Humo mna mazungumzo ambayo Fabian alirekodi Lubumbashi mwaka 1974 na mganga Kahenga, ambayo baadaye yalimpa kitabu kizima, kilichotoka mwaka 2008, juu ya maana ya kuandika ethnografia wakati matini yenyewe iko wazi kwa kila msomaji. Humo pia mna historia ya mji wa Elisabethville iliyoandikwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani, simulizi la ukoloni lililoandikwa na watumishi wenyewe kwa Kiswahili chao, bila mhariri wa kanisa wala wa serikali kupitisha kalamu.

Kurasa hizo ni za maandishi matupu, zilizotengenezwa kwa ajili ya vivinjari vya wakati ule, na Lynx huzionyesha bila taabu hata kwenye kompyuta kuukuu iliyounganishwa kwa simu. Kwa hiyo, kwa kusoma, kivinjari kidogo kuliko vyote chatosha. Taabu huanza msomaji anapotaka kunakili aya mojawapo katika kisanduku cha kuandikia cha Firefox, ambayo tangu toleo la 2.0 la mwaka 2006 hukagua tahajia. Kamusi ya tahajia ya Kiswahili inayosambazwa na programu huria ina alama ya sw_TZ. Yav aliandika kama alivyosema, akiunganisha na kutenganisha maneno kwa kanuni zake mwenyewe, na kwa kamusi hiyo ukurasa wake hugeuka kuwa mistari myekundu kutoka juu hadi chini. Alama hizo zinaweza kuzimwa. Kitufe cha kuziondoa, iwapo lugha ya mfumo haijabadilishwa, kimeandikwa kwa Kifaransa.